Saini Chini ya Chombo: Mwongozo Kamili wa Kumtambua Mtengenezaji wa Chombo cha Udongo cha Kiitaliano

Malindi ina Waitaliano wengi tangu miaka ya 1960, na kila mmoja wao anapouza nyumba ili arudi kwao, vyombo hutolewa nje: majagi, sahani za ukutani, vinara, vyombo vya maua. Mama mmoja wa hapo alinunua sahani tatu katika mauzo ya namna hiyo, akaniletea nizitazame. Alikuwa na hakika kwamba zote ni kazi ya mchoraji mmoja, maana jina lake lilikuwa nyuma ya kila sahani: Dipinto. Nikazipanga mezani. Moja ilikuwa na joka la buluu na manjano, ya pili jogoo wa kijani, ya tatu samaki waliochorwa kwa brashi nene. Mikono mitatu, udongo wa rangi tatu. Na "dipinto a mano" ni Kiitaliano cha "kimechorwa kwa mkono".

Kosa hilo nimelikuta hata kwa watu wanaouza vyombo kwa riziki. Ndiyo sababu ninaandika mwongozo huu kwa urefu. Sisi wa pwani tumetunza vyombo vya mbali kwa karne nyingi. Mabakuli ya China na Uajemi yalijengewa kwenye kuta na makaburi, yakapangwa kwenye zidaka za nyumba za Lamu, na vigae vyake ndivyo vilivyowasaidia wachimbuaji wa Gedi kukadiria umri wa ule mji. Kukipindua chombo na kukisoma kitako si jambo geni kwetu. Tatizo la vyombo vya Kiitaliano ni kwamba maandishi ya chini huwa mengi, na mara nyingi hayamtaji mtengenezaji kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "jina hili ni lipi?", jizoeze kuuliza "jina hili ni la nani?" Linaweza kuwa la mchoraji, la karakana, la mji, la nakshi, au la mfanyabiashara wa nchi nyingine aliyeagiza mzigo. Hatua zinazofuata zote zinalitumikia swali hilo.

Vitu vya kuwa navyo

Kioo cha kukuzia, tochi, rula, karatasi nyembamba na penseli laini, simu yenye kamera, kitambaa laini na maji ya uvuguvugu. Ukipata tochi ndogo ya mwanga wa urujuani, ile ya kukagulia noti bandia, ni bora zaidi. Usitumie asetoni, dawa ya kuondoa madoa wala brashi ya waya. Baadhi ya saini za karne ya 20 ziliandikwa kwa rangi isiyochomwa au kwa wino, na zikiguswa na asetoni zinaondoka papo hapo. Lebo ya karatasi nayo usiilowanishe hata kidogo. Wakati mwingine ndiyo ushahidi pekee uliopo.

Hatua ya 1: Soma chombo kabla ya kusoma jina

Geuza chombo, utafute mahali ambapo udongo uko wazi, kwa kawaida kwenye pete ya kitako kinapokalia. Je, udongo ni mwekundu kama tofali, ni wa rangi ya maziwa yenye chai, au ni mweupe? Mwekundu au wa hudhurungi nyepesi ukiwa umefunikwa na tabaka jeupe, zito, lisilopenyeza mwanga, huenda una maiolica mkononi. Maiolica ni udongo wa kawaida uliopakwa glezi, yaani lile tabaka linalong'aa kama kioo, iliyofanywa nyeupe kwa oksidi ya bati. Mchoraji huchora juu ya glezi mbichi iliyokauka kama unga, kisha chombo kinarudi tanurini. Unga huo hunyonya rangi mara tu brashi inapogusa, kwa hiyo hakuna kufuta. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona mapigo ya brashi, mahali ilipoanza na ilipoinuliwa. Ukiona badala yake vitone vidogo vilivyopangwa sawasawa kama picha ya gazeti, hiyo ni chapa ya mashine, hata kama chini kumeandikwa "a mano".

Ingiza kidole ndani ya jagi. Kilichofinyangwa kwa gurudumu huacha mistari ya mzunguko ya vidole. Kilichomiminwa kwenye kalibu huwa laini ndani, na nje unaweza kuhisi mshono mwembamba unaoshuka pande mbili. Tofauti hii ni kubwa katika kumtafuta mtengenezaji, kwa sababu kalibu ina maana ya kiwanda, na kiwanda kina katalogi, na katalogi ina namba.

Rangi nazo zina neno. Wachoraji wa zamani walitegemea buluu ya kobalti, kijani cha shaba, zambarau ya manganizi, manjano ya antimoni na chungwa la chuma. Nyekundu kali kama nyanya iliyoiva, iliyotandazwa sehemu kubwa, ni dalili ya rangi za viwandani za karne ya 20. Chombo chenye nyekundu ya namna hiyo na tarehe ya 1580 kitakoni kinajipinga chenyewe.

Andika unayoyaona kabla hujaenda kwenye jina. Mtu akishasoma jina kubwa, macho yake huanza kulitafutia ushahidi.

Hatua ya 2: Saini imewekwa kwa njia gani?

Kuna njia tano kuu, na kila moja ina uzito wake.

Iliyochanwa kwenye udongo mbichi ina kingo zilizoinuka kidogo, kama mfereji uliochimbwa kwa kijiti kwenye matope, na mara nyingi glezi imeingia ndani yake. Hii iliwekwa karakanani, hakuna shaka. Iliyochanwa baada ya kuchomwa ina kingo zilizomeguka na rangi hafifu ya vumbi. Yeyote angeweza kuiweka, wakati wowote.

Iliyochorwa kwa brashi na kuchomwa pamoja na glezi hailiki kwa ukucha, na ukiiangalia kwa pembeni haijainuka. Hii ndiyo saini ya kawaida ya maiolica. Iliyoandikwa juu ya glezi kwa rangi baridi huhisiwa kwa kidole, na huchubuka kando kando.

Muhuri uliogandamizwa kwenye udongo huwa wa kiwanda. Chapa ya wino iliyochomwa ni ya kiwanda vilevile, na mara nyingi ya karne ya 20. Lebo ya karatasi au ya karatasi ya metali iliwekwa mwisho kabisa, dukani au bandarini, na inaweza kuwa ya mwagizaji tu.

Tazama pia kama kuna mahali kitakoni palipokwanguliwa, pamekuwa pakavu bila mng'ao na pamezama kidogo wakati pembeni glezi inang'aa. Alama za viwanda vilivyoiga kazi za kale zimewahi kuondolewa namna hiyo ili chombo cha karne ya 19 kiuzwe kama cha karne ya 16. Mkwanguo kwenye kitako ni ushahidi, hata kama ni ushahidi wa kilichofichwa.

Hatua ya 3: Pata nakala safi ya saini

Zima taa ya juu. Weka tochi pembeni, karibu usawa wa kitako, ili mwanga utambae juu ya uso. Mikwaruzo usiyoiona mchana itajitokeza. Piga picha ukiwa umezungusha chombo mara nne, maana hujui juu ni wapi. Saini ya kuchanwa au ya kugandamizwa ifunike kwa karatasi nyembamba, upitishe penseli kwa ubapa. Kisha inakili kwa mkono wako mwenyewe kwenye daftari. Mkono unapofuata mstari, unagundua kwamba ile uliyodhani ni "S" ilikuwa "G".

Mwandiko wa Kiitaliano una mitego. Namba 1 huandikwa na mkia mrefu wa kupanda, ikafanana na 7. 7 yenyewe hukatwa mstari katikati. Herufi mbili zilizofungwa pamoja huenda si neno bali ni vianzo vya majina. Jina la ukoo huweza kutangulia jina la mtu.

Hatua ya 4: Ondoa maneno yasiyo majina

Chukua daftari na ukate kwa mstari kila neno lililomo humu:

- "Dipinto a mano", "dip. a mano": kimechorwa kwa mkono.
- "Fatto a mano", "f.to a mano": kimetengenezwa kwa mkono.
- "Ceramica", "ceramiche", "maiolica", "terracotta": aina ya kazi.
- "Fabbrica", "manifattura": kiwanda. "Bottega": karakana ya fundi na wanagenzi wake.
- "Ditta": kampuni. "Fratelli" au "F.lli": ndugu wa kiume. "Figli": wana. "Eredi": warithi.
- "Depositato": imesajiliwa. "Marchio": chapa ya biashara.
- "Fece", "fecit": alitengeneza. "Dipinse", "pinxit": alichora.
- "Da" ikifuatiwa na mji: mtu wa mji huo. Anayejiita "da Rovigo" ametoka Rovigo. Hajasema kwamba chombo kilitengenezwa Rovigo.

Yanayobaki baada ya kukata ndiyo ya kufanyia kazi. Mara nyingine hayabaki zaidi ya herufi mbili na namba. Usikate tamaa, hata hizo zina pa kuanzia.

Hatua ya 5: Jina hili ni la nani?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, nami nitakaa kidogo.

*Jina la mji.* Deruta, Faenza, Gubbio, Vietri, Caltagirone, Castelli, Montelupo, Nove, Albisola, Grottaglie: hii ni miji ambayo ufinyanzi ndio uhai wake. Chombo kilichoandikwa "Deruta" kinakwambia umefika mtaani, nyumba bado hujaijua. Deruta ni mji mdogo wa mkoa wa Umbria wenye karakana tele, na nyingi huchora nakshi zilezile, mathalani ile ya "Raffaellesco" yenye joka la buluu na manjano. Jogoo wa kijani huhusishwa na Orvieto, lakini amechorwa kwingineko pia. Nakshi husafiri kwa urahisi kuliko udongo. Faenza yenyewe ilisafiri kiasi kwamba Wafaransa walilifanya jina lake kuwa jina la ufinyanzi wa aina hii kote Ulaya.

Kuwa mwangalifu na neno "Vietri". Vietri sul Mare ni mji wa wafinyanzi karibu na Salerno. Lakini tangu 1983 kuna pia kampuni ya Marekani, ya North Carolina, yenye jina hilohilo, inayoagiza vyombo vya mezani kutoka Italia. Chapa yake ni jina la biashara, na chombo si lazima kiwe kimetoka mji huo.

*Jina la karakana au kiwanda.* Mara nyingi huja kwa vianzo. Mfano ninaoupenda ni "M.G.A." Watu wameziona herufi hizi wakatafuta mchoraji mwenye majina matatu. Ni Mazzotti Giuseppe Albisola: jina la ukoo, jina la mwanzilishi, na mji. Karakana hiyo ya pwani ya Liguria ilianza 1903, na mwana wa mwanzilishi, Tullio, aliifanya kuwa makutano ya wasanii wakubwa; Lucio Fontana alifanya kazi huko. Funzo la kiufundi hapo ni hili: herufi ya mwisho katika vianzo vya Kiitaliano jaribu kwanza kuiweka kama mji. Vivyo hivyo "I.C.S." ya Vietri ni Industria Ceramica Salernitana.

*Jina la mchoraji.* Hawa walikuwepo tangu kale. Francesco Xanto Avelli da Rovigo, aliyefanya kazi Urbino katika miaka ya 1530, alisaini kazi zake kwa urefu, akaweka na mwaka, akaeleza na kisa kilichochorwa. Lakini tazama jambo lililotokea kwa baadhi ya sahani zake. Zilipelekwa Gubbio, kwenye karakana ya Maestro Giorgio Andreoli, zikatiwa mng'ao wa dhahabu na wa rubi kwa mchomo wa tatu, zikaandikwa alama ya huko. Sahani moja, majina mawili, miji miwili, na wote wawili wamesema kweli. Ukikutana na "M.G." iliyoandikwa kwa rangi inayomeremeta kama shaba iliyosuguliwa, hiyo ni alama ya aliyeweka mng'ao, mchoro wenyewe unaweza kuwa wa mkono mwingine kabisa.

Na jina lisilo la Kiitaliano lisikufukuze. Kati ya vita viwili vya dunia, Vietri ilijaa wasanii kutoka Ujerumani na nchi za jirani, kama Richard Dölker na Irene Kowaliska, na wao ndio waliobadilisha sura ya vyombo vya mji ule. Baadaye, karibu na hapo, Mmarekani Ernestine Cannon alitengeneza vyombo vilivyoandikwa "Ernestine" na "Salerno". Jina la kwanza la mwanamke pekee, bila ukoo, na kumbe ni jina la biashara nzima.

*Jina la mwagizaji.* Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilinunua shehena kubwa za vyombo vya Kiitaliano. Lebo ya "Raymor" au ya "Rosenthal Netter" ni ya waagizaji wa Kimarekani. Nyuma ya Raymor mara nyingi alikuwa Bitossi wa Montelupo Fiorentino, kiwanda kilichoanzishwa 1921, ambako Aldo Londi aliongoza kazi ya sanaa tangu 1946 na kubuni zile kazi za buluu nzito zenye alama zilizogandamizwa, ziitwazo Rimini Blu. Lakini Raymor alinunua kwa wengine pia. Ukiandika "Raymor" mahali pa mtengenezaji, umemwandika mwenye duka mahali pa fundi.

Hatua ya 6: Namba

Vyombo vingi vya baada ya 1945 havina jina lolote. Vina namba iliyoandikwa kwa brashi, labda mkwaju (/), namba nyingine, kisha "Italy". Namba hizo ni za katalogi: umbo, nakshi, au kipimo. Hazisemi mwaka. Nimeona jagi lenye "1950" likiuzwa kama la mwaka 1950, na jingine lililofanana nalo likiwa na "1962" likiuzwa ghali kidogo kwa kuwa "jipya".

Pima urefu wa chombo kwa sentimita. Namba ya pili ikilingana na urefu, umefungua nusu ya fumbo: ya kwanza sasa huenda ni ya umbo. Itafute pamoja na neno "Italy" na maelezo ya umbo, na ulinganishe mwandiko. Ndiyo, mwandiko. Katika kiwanda kimoja walikuwa wachache waliokaa mwisho wa meza wakiandika vitako, na namna mtu anavyokata 7 yake au kuandika "Italy" kwa herufi kubwa inajirudia kwenye mamia ya vyombo.

Hatua ya 7: Tarehe zilizofichwa

Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ilidai bidhaa zinazoingia zitaje nchi zilikotoka kwa Kiingereza. Kwa hiyo neno "Italy" lenye y mwishoni linaashiria mzigo wa nje ya nchi wa baada ya 1891, na "Made in Italy" kwa kawaida ni wa karne ya 20. Usiugeuze ushahidi huu: chombo kisicho na neno hilo hakiwi cha kale kwa sababu hiyo. Huenda kiliuzwa palepale kijijini.

Namba za Kirumi ni hazina ambayo wengi huipita. Wakati wa utawala wa Mussolini miaka ilihesabiwa upya kuanzia tarehe 28 Oktoba 1922. Ukiona "A. XII" au "XII E.F.", huo ni mwaka wa 12 wa enzi ya Kifashisti, yaani kati ya Oktoba 1933 na Oktoba 1934. Ongeza 1921 kwenye namba unapata mwaka ulioanzia.

Maneno ya kampuni nayo yanasaidia. Sheria kuu ya kiraia ya Italia ya 1942 ndiyo iliyoleta "S.r.l.", yaani kampuni yenye dhima ya kikomo, basi chapa yenye herufi hizo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Msimbo wa posta wenye tarakimu tano kwenye lebo unaanza 1967. "Richard-Ginori" haiwezi kutangulia 1896, mwaka ambao Richard wa Milano aliungana na kiwanda cha Ginori cha Doccia, kilichoanzishwa 1735.

Hatua ya 8: Alama za picha

Jogoo anayewika ni wa Cantagalli, Florence. Jina la ukoo lenyewe linatokana na kuimba na majogoo. Ulisse Cantagalli alianza 1878 kuiga kwa ustadi mkubwa kazi za Urbino, Gubbio na hata za Waturuki wa Iznik, na hakuficha. Aliweka jogoo wake chini. Wanaoficha ni waliokuja kumkwangua.

Punda ni wa mfinyanzi Guido Gambone, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1969, akafanya kazi Vietri kisha Florence. Hapa pana utata mara mbili. Punda ni kipambo cha kawaida cha Vietri yote, kwa hiyo punda aliyechorwa mbele ya chombo hathibitishi kitu. Anayehusika ni yule mdogo wa kitakoni pamoja na jina. Na mwanawe Bruno alisaini "Gambone" vilevile. Chombo chenye jina la ukoo bila punda kichunguze kwanza kama kazi ya Bruno kabla hujamtaja baba.

Herufi N yenye taji juu yake ndiyo iliyowaponza wengi zaidi. Huitwa "alama ya Capodimonte". Kiwanda cha mfalme cha Capodimonte, Naples, kilianzishwa 1743 na alama yake ilikuwa ua la yungiyungi. 1759 mfalme alihamia Uhispania akaondoka na mafundi. N yenye taji ilikuja na kiwanda kilichofunguliwa na mwanawe Ferdinando 1771. Baadaye ikaigwa na viwanda vingi, ndani ya Italia na Ujerumani, mpaka leo. Peke yake haimtambulishi mtu yeyote. Ukiikuta, irudie Hatua ya 1 kana kwamba chombo hakina alama.

Lenci wa Torino sina haja ya kumweleza sana: kampuni ilianzishwa 1919, ikaanza kauri 1928, na jina huandikwa wazi kwa brashi, mara nyingi pamoja na "Made in Italy" na tarehe. Ikiwa tarehe ipo, unaweza kumtafuta hata msanii aliyebuni umbo, kama Helen König Scavini au Sandro Vacchetti.

Hatua ya 9: Linganisha

Sasa tafuta, na utafute kwa Kiitaliano. Andika "ceramica" pamoja na "firma" (saini) au "marca" (chapa), jina ulilonalo, mji unaoudhania na mwongo wa miaka, mfano "anni 50", yaani miaka ya 50. Utafutaji wa kutumia picha ujaribu mara mbili: picha ya chombo kizima peke yake, kisha ya kitako peke yake.

Vyanzo havilingani uzito. Makumbusho kwanza: British Museum na Victoria and Albert Museum za London zina hazina kubwa ya maiolica mtandaoni, nyingi zikiwa na picha za nyuma. Kisha kumbukumbu za minada inayoeleza hali ya chombo na kuonyesha kitako. Mwisho kabisa matangazo ya wauzaji, kwa sababu wananakiliana. Matangazo 20 yanayosema jambo moja yanaweza kuwa yametoka kwa mtu mmoja aliyebahatisha.

Kanuni ninayoishikilia: usikubali jina mpaka mambo matatu yakutane, yaani saini, udongo na namna ya utengenezaji, na mtindo wa mchoro. Mawili yakikubali na moja likikataa, amini lile linalokataa hadi ulielewe.

Kwa chombo kinachodaiwa kuwa cha karne ya 16 au 17, maabara zinaweza kupima ni lini udongo ulichomwa mara ya mwisho. Kosa la kipimo hicho hufika karibu asilimia 20 ya umri, kwa hiyo kinatenganisha miaka 450 na miaka 130 vizuri sana, lakini hakitakwambia kama ni Xanto au jirani yake. Tochi ya urujuani nayo haihitaji maabara: viraka vya gundi na rangi mpya hung'aa tofauti na glezi ya asili, na saini iliyokaa juu ya kiraka haina thamani.

Hatua ya 10: Waulize wenyewe

Faenza kuna makumbusho ya kimataifa ya kauri, MIC, yaliyoanzishwa 1908 na Gaetano Ballardini. Deruta, Montelupo na Caltagirone zina makumbusho yao ya ufinyanzi, Sesto Fiorentino kuna ya Ginori, na kwa Vietri kuna ya Villa Guariglia huko Raito. Chagua la mji unaoushuku, uandike kwa ufupi. Maneno haya yanatosha:

"Buongiorno, vorrei sapere chi ha realizzato questo pezzo. Allego le foto dell'insieme, della base e della firma. Altezza 24 cm. Grazie."

Yaani: unaomba kujua nani alitengeneza kipande hiki, umeambatisha picha za chombo kizima, kitako na saini, na urefu ni huo. Usiulize bei. Makumbusho hayathamini vyombo vya watu kwa fedha, na swali la bei hufanya barua nzima iwekwe kando.

Jibu likija, lisome kwa makini neno linalotangulia jina. "Di" ni kazi yake. "Attribuito a" ni kwamba inadhaniwa yake. "Bottega di" ni ya karakana yake, pengine kwa mkono wa mwanagenzi. "Maniera di" ni ya mtu mwingine aliyefuata mtindo wake, labda miaka 100 baadaye. Andika neno hilo kama lilivyo kwenye karatasi, pamoja na vipimo, mahali uliponunua, mwaka, na aliyekupa jibu. Ikunje uiweke ndani ya chombo, usiibandike kitakoni. Na kama glezi ni ya zamani, usitie humo achari, ndimu wala tambi za nyanya. Glezi nyingi za kale zina madini ya risasi, na vitu vichachu huyavuta yaingie chakulani.

Yule mama wa Malindi ana karatasi tatu sasa. Ya sahani ya joka inasema Deruta, karakana haijajulikana. Ya jogoo inasema "mtindo wa Orvieto". Ya samaki ina mji, Vietri, na herufi mbili za mchoraji ambazo bado tunazifuatilia.